Twanga Zote Pamoja

"Zitwange zote pamoja," Profesa aliniambia bila kuinua macho kwenye simu yake. "Robo zote. Weka kwenye kinu kimoja, twanga, pima unga. Utapata namba moja, safi, hiyo ndiyo tutakayoipeleka kwenye semina."

Nilikuwa nimesimama, maana kiti cha wageni kilikuwa kimejaa maboksi ya vikatio vyake. Nilitaka kusema hapana. Nilisema, "Sawa, Profesa."

Nikatoka, nikafunga mlango polepole usije ukapiga kelele, nikaenda chooni nikalia kwa hasira.

Hili la kulia nilieleze mapema, kwa sababu limenisumbua tangu utoto. Mimi nikikasirika hulia. Si huzuni. Si woga pia, ingawa woga ninao wa kutosha kuwagawia majirani. Watu wengine hasira huwapanda kichwani, yangu hunitoka machoni, na kila anayeniona hunipa kitambaa na kuniambia pole, wakati ninachotaka mimi ni kuvunja kitu.

Profesa alikuwa msimamizi wangu wa uzamivu. Wanafunzi walimwita Wembe. Jina lilianza kwa sababu ya suruali zake, zilizopigwa pasi mpaka ungeogopa kuugusa mkunjo, likakolea alipobuni kikatio. Kikatio chenyewe ni kisanduku cha plastiki kinachoenea kiganjani. Unaweka kidonge kwenye kijishimo, unabana kifuniko chenye wembe kwa ndani, kidonge kinakatika nusu mbili. Unaweka nusu, unabana tena, unapata robo. Wembe alikuwa na ndoto kwamba siku moja kila wodi ya watoto itakuwa na kikatio chenye jina lake chini kwa herufi ndogo.

Na kikatio kilikuwa na kazi. Kuna dawa ya moyo ambayo watoto wanaihitaji, lakini viwanda vinaitengeneza kwa saizi ya mtu mzima tu. Wagonjwa watoto ni wachache, na hakuna mwenye kiwanda aliyeona sababu ya kuhangaika nao. Kwa hiyo mtoto hupewa robo ya kidonge. Sasa dawa yenyewe haina mchezo. Ikipungua, moyo unachoka, miguu inavimba, mtoto anahema kama amekimbia. Ikizidi, moyo unakwenda polepole mno, mtoto anatapika, analegea, na ukichelewa unaweza kumpoteza. Kati ya kidogo mno na nyingi mno pana upenyo mwembamba, na tunamwambia mzazi apite hapo na kisanduku cha plastiki mkononi.

Utafiti wangu ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa kupima robo. Nilikuwa nachukua robo moja, naipima uzito, naiyeyusha peke yake katika chupa yake, naipima kwenye mashine ina dawa kiasi gani. Kisha nyingine. Kisha nyingine. Kazi ya kuchosha macho na mgongo, lakini niliipenda, kwa sababu ndani ya kila chupa nilimwona mtoto mmoja na siku yake moja. Sehemu ya pili ilikuwa dawa ya maji: unasaga vidonge vizima, unavichanganya na kimiminika kizito, unatikisa, mzazi anavuta kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Swali langu lilikuwa inakaa kwenye friji muda gani kabla haijaharibika. Wembe aliivumilia sehemu hii kama mtu anavyomvumilia mgeni wa mke wake.

Ili tuwe na kielelezo cha ukataji sahihi, Wembe alikata robo za kwanza yeye mwenyewe. Alivaa koti jeupe, akafunga vifungo mpaka shingoni, akataka apigwe picha. "Hizi zangu," alisema, "ndizo tutakazolinganisha na za akina mama." Akina mama wa kliniki nao walikata, kwa kikatio kilekile.

Nikapima. Za akina mama zilitawanyika vibaya. Za Wembe zilitawanyika vibaya vilevile. Robo yake moja ilikuwa na zaidi kidogo ya nusu ya dawa inayotakiwa. Nyingine, labda ya kidonge hichohicho, ilikaribia kipimo na nusu. Kidonge ni kidogo, hakina mstari katikati, kinapasuka kinavyojisikia, na kila ukibana kinamwaga chembe. Hakikuumbwa kukatwa vipande vinne, hata ukikikata na malaika.

Nilimpelekea majibu. Akasema mizani inaongopa. Nikaihakiki mizani, nikapima nyingine kati ya zile zilizobaki. Akasema mashine imechoka. Nikatumia mashine ya idara nyingine, majibu yakarudi yaleyale. Ndipo aliposema nizitwange.

Katika kazi yetu kutwanga si dhambi. Kidonge kizima kikitoka kiwandani, mojawapo ya vipimo vyake ni kuchukua vidonge kadhaa, kuvitwanga pamoja na kupima unga. Tumefundishwa hivyo tangu mwaka wa kwanza, mikono yetu inakwenda kwenye kinu yenyewe kama mkono unavyokwenda kwenye swichi ya taa. Ukimwambia mfamasia yeyote "nilitwanga, nikapima," hatauliza zaidi. Lakini zitwange robo nne za kidonge kimoja uone utapata nini. Utapata kidonge kimoja. Kigawe kwa nne, utapata robo kamili, nzuri, isiyo na doa. Hilo halihitaji shahada ya uzamivu. Halihitaji hata darasa la kwanza. Na Wembe alilijua hilo, na alijua kwamba wenzake wataliona neno "wastani" na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Hiyo ndiyo hasira niliyotoka nayo chooni.

Maabarani nilimkuta Jirani. Tulimwita Jirani kwa sababu meza yake ilipakana na yangu. Alikuwa anatafiti krimu za ngozi, ananukia mafuta kila siku, na hakuna siri aliyoweza kukaa nayo hadi mchana.

"Umelia," akasema.

"Sijalia."

"Haya. Macho yameoga."

Nikamweleza. Alisikiliza huku anakorogakoroga krimu yake, kisha akashusha sauti.

"Twanga, dada'ngu. Twanga, pima, funga mdomo. Ukishavaa joho utasema unachotaka na watu watakusikiliza. Sasa hivi wewe ni nani? Wewe ni meza ya karibu na dirisha."

"Na watoto?"

"Watoto gani?"

"Watakaopewa robo wakati mimi nasubiri joho."

Akarudi kwenye krimu yake. "Nakuambia kama ndugu tu."

"Najua. Ndiyo maana sijakupiga."

Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Hakuwahi kunisikia nikitishia hata nzi. Kisha kicheko kikamwisha. "Kwani muhtasari wako wa semina hujauona? Umeshatumwa. Kwa idara nzima, na hospitali ya watoto."

Akanionyesha kwenye simu yake. Jina langu lilikuwa la kwanza, la Wembe likifuata. Robo zinazokatwa kwa kikatio, ulisema muhtasari, zina wastani unaokubalika. Tofauti chache zilizojitokeza zilitokana na uzembe wa walezi.

Uzembe wa walezi. Chini ya jina langu. Robo zake mwenyewe nilikuwa bado sijazigusa na kinu, na tayari alishaandika zitakachosema.

Mchana huo niliweka kwenye kinu robo zilizokuwa bado hazijayeyushwa. Nakiri, niliziweka. Nilishika mchi nikaona mkono wangu unajua kazi kuliko mimi, unataka tu kuanza. Nikaurudisha mchi mezani. Nikazitoa robo moja moja kwa koleo, nikazirudisha kwenye vichupa vyake, na safari hii sikwenda chooni. Nililia palepale mezani, na Jirani akajifanya anatafuta kitu chini ya meza yake.

Nilikuwa naishi kwa dada yangu mkubwa. Dada ni mwalimu wa shule ya msingi, na nyumbani kwake hata sufuria zimepangwa kwa urefu. Shemeji huendesha malori ya mbali, tunamwona akija kufua nguo. Binti yao ana miaka minne. Alizaliwa na tundu kwenye moyo na sauti ya kuamrisha, kwa hiyo tunamwita Bosi.

Bosi alikuwa anatumia dawa ileile. Kwa sababu yake ndiyo nilichagua utafiti huu, na kila mtu idarani alilijua hilo. Mwezi uliopita hospitali ilianza kugawa vikatio kwa majaribio kwa wazazi wachache, na Dada alikuwa mmoja wao. Baada ya semina mfamasia mkuu wa hospitali angeamua: ama kila mzazi apewe kikatio, ama famasi ianze kutengeneza ya maji.

Jioni ile nilimkuta Dada mezani, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, anabana kikatio kwa umakini wa mtu anayetegua bomu. Bosi amekaa juu ya mito miwili anasimamia.

"Mama, hiyo kubwa."

"Naiona, Bosi."

"Na hiyo imekuwa unga."

"Naiona."

Nikavuta kiti. Dada hakuniangalia. "Leo kliniki wamenisema," alisema. "Mbele ya wazazi wenzangu wote. Mapigo ya moyo yako chini. Nesi ananiambia, mama, unakata vibaya, uwe makini, huyu ni mtoto si kuku. Mimi! Huyu ni mtoto si kuku!" Akaiweka robo kwenye kifuniko cha chupa, akaisogeza kwa ncha ya kidole kana kwamba itamuuma. "Labda ni kweli. Labda mkono wangu mzito. Usiku nalala naziota hizi robo."

"Si mkono wako."

"Unanifariji tu."

"Dada, sikufariji. Profesa mwenyewe, mwenye kikatio chake, alikata akiwa amevaa koti na anapigwa picha. Zake zimetoka hivyohivyo. Majibu ya mwisho nimeyapata wiki hii."

Sasa aliniangalia. "Yeye anasemaje?"

"Anasema nizitwange zote pamoja. Wastani uko sawa."

"Wastani."

"Ndiyo."

Dada alipangusa chembe za dawa mezani, zote, akazikusanya kwenye karatasi. Alipozungumza alitumia sauti yake ya darasani, ile ambayo haihitaji kupanda.

"Mwambie hivi. Darasa langu lina wastani mzuri wa hesabu. Yuko mtoto anayepata mia, na yuko mtoto hajui saba ni ngapi. Huyo wa saba nikimwandikia wastani kwenye daftari, atakuwa amejua kuhesabu?"

"Saba ni hivi," akasema Bosi, akanyoosha vidole vyote vya mkono mmoja.

"Umeona?" Dada akasema. "Hata huyu angekuwa profesa." Lakini hakucheka. "Mwanangu hanywi wastani. Anakunywa hiki." Akanyanyua kifuniko chenye robo. "Sasa kesho nimpe nini? Wewe ndiye msomi. Nimpe kubwa au nimpe unga?"

Ya maji ilikuwepo, chupa baada ya chupa, kwenye friji ya Wembe, lakini huwezi kuchukua dawa ya maabara ukampa mtoto kwa sababu tu unampenda. Nilimwambia arudi kliniki asubuhi, amwone daktari mwenyewe na si nesi, adai moyo upimwe tena, aseme kikatio kinatoa robo zisizolingana. "Na usimwombe mtu samahani," nikasema. "Hata mmoja."

"Mama mdogo analia," Bosi akatangaza.

"Amekasirika," Dada akamjibu. "Mwache."

Ni mtu mmoja tu duniani anayejua tofauti hiyo, na ndiye waliyemwita mzembe.

Daktari aliupima moyo wa Bosi tena, akasimamisha dawa kwa siku moja, kisha robo zikaendelea. Siku ya semina ukumbi ulijaa nusu, kama kawaida. Mbele walikaa wakubwa, nyuma wale wanaofuata chai. Katikati ya safu ya mbele alikaa mfamasia mkuu wa hospitali ya watoto, mama mmoja mwembamba, mkoba magotini, kalamu tayari. Nyuma kabisa alikaa Mama Kuvu. Huyu ni mhadhiri wa vijidudu na ukungu, na jina hilo tulimpa kwa sababu ya kazi yake, si kwa ubaya, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka akiwa karibu. Alikuwa anasahihisha mitihani pajani.

Slaidi zilikuwa zimepita kwa Wembe. Alikuwa ameondoa mchoro wa mtawanyiko na kuweka picha yake na kikatio. Mahali palipotakiwa namba ya unga uliotwangwa, alikuwa amechukua namba za robo zangu zote, akazijumlisha na kuzigawa mwenyewe kwa kalamu. Hata kinu hakukihitaji.

Nikasimama, nikaanza.

"Sauti!" Mama Kuvu akaita kutoka nyuma bila kuacha kusahihisha.

Nikapandisha sauti. Nikaeleza dawa, nikaeleza watoto, nikafika kwenye slaidi ya wastani. Wembe alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua. Ilitakiwa nibonyeze, slaidi inayofuata ndiyo yenye uzembe wa walezi. Sikubonyeza. Akilini niliona kidole cha Dada kikiisogeza ile robo, na machozi yakaanza kutoka.

Wembe akainuka haraka, na tabasamu. "Binti yetu amechoka, jamani. Utafiti si lelemama." Watu wakacheka kwa huruma. "Kaa, binti, nitamalizia mimi."

"Sijachoka, Profesa," nikasema. "Nimekasirika."

Kicheko kikakatika vibaya, wengine wakiwa katikati.

"Mimi nikikasirika nalia. Naomba msinionee huruma, naomba mnisikilize. Machozi yatakuja na maneno yatakuja."

Nikajifuta kwa mkono wa koti, maana kitambaa sikuwa nacho na sikukitaka.

"Namba hii mnayoiona ni ya kweli, na haina maana yoyote. Ni robo nyingi zimejumlishwa. Ukijumlisha robo, zinafutiana makosa. Lakini mtoto hajumlishi. Leo anakunywa moja, kesho anakunywa nyingine. Sikuzitwanga. Nilizipima moja moja, na namba zote ninazo."

Mfamasia mkuu akanyanyua kalamu. "Ya chini kabisa ilikuwa na dawa kiasi gani?"

Nikamwambia.

"Na ya juu kabisa?"

Nikamwambia. Alikuwa anaandika, akaacha.

"Hizo ni za akina mama," Wembe akasema. Alikuwa bado amesimama. "Tumeeleza kwenye muhtasari. Uzembe upo, hatuwezi kuukwepa, wazazi wetu tunawajua. Mafunzo kidogo tu..."

"Za akina mama zipo pia, zimetawanyika vilevile," nikasema. "Hizi nilizozitaja ni zako, Profesa. Zote mbili."

Jirani alikuwa anakagua viatu vyake. Nyuma, Mama Kuvu alitoa kicheko kimoja kifupi, kama chafya.

Nikashika meza, nikaendelea, kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaanza tena. Nikasema si mkono wa mtu na si ubora wa wembe, ni kidonge. Nikasema muhtasari una jina langu na sikuuandika. Nikasema neno "uzembe" liondolewe, na kwamba yupo mama mmoja aliyesemwa mbele za watu kwa neno hilo, na pengine si mmoja.

"Na ya maji?" mfamasia mkuu akauliza. "Inakaa?"

"Wiki mbili kwenye friji haipungui na haioti kitu. Zaidi ya hapo sijui."

"Hujui?"

"Sijui bado. Chupa zinaendelea."

Aliandika hilo pia. Nilidhani nimeharibu. "Wiki mbili zinanitosha kuanzia," akasema. "Wazazi watakuja kila baada ya wiki mbili. Watalalamika nauli, lakini watakuja." Akafunga kalamu, akageukia pembeni. "Profesa, vikatio vyako nitakurudishia. Nisaidie tu usafiri, ni vingi."

Wembe alinisubiri kwenye korido, mkunjo wa suruali umesimama kama askari.

"Umenivua nguo mbele ya watu."

"Nilikuletea majibu ofisini, Profesa. Kila mara nilikuletea."

"Msimamizi ni mzazi. Mzazi humvui nguo."

"Kuna wazazi wengine walivuliwa kabla yako. Kwenye muhtasari."

Nilishangaa ni mimi niliyesema. Naye nadhani alishangaa, maana alipojibu hakufoka. Ningependa angefoka.

"Basi tafuta mzazi mwingine. Sitasaini tena kitu chako. Na chupa zako zitoke kwenye friji yangu leo. Saa hizi."

Alijua alichokisema. Chupa zile zilikuwa hazijatoka kwenye baridi tangu nizitengeneze. Zikipata joto la mchana mmoja, hakuna atakayeamini namba zake tena, na mimi mwenyewe nisingeziamini. Nusu ya uzamivu wangu iliyobaki, ile nusu nzuri, ilikuwa kwenye rafu mbili za mtu niliyekuwa nimemwambia ukweli.

Nikaazima boksi la baridi kwa Jirani. Alinisaidia kupanga chupa bila utani hata mmoja, na hilo liliniogopesha kuliko maneno ya Wembe. "Ningekuwekea," akasema, "ila friji yangu na mimi wote ni wa kwake."

Nikaanza kugonga milango. Mhadhiri wa kwanza alinikumbatia. "Umenifurahisha! Jasiri wewe! Alikuwa anastahili." Nikamwomba sehemu kwenye friji. "Aa, mdogo wangu, imejaa. Hata vitu vyangu mwenyewe havienei." Niliiona friji nyuma yake kwa mlango wa kioo, ndani palikuwa na chupa ya maji ya kunywa na ndizi. Wa pili alisema niliyoyasema ni sawa ila namna nilivyoyasema. Wa tatu aliniita jasiri pia, akanishika bega, akanisindikiza hadi mlango nilioingilia. Nilianza kulichukia neno lenyewe. Kila aliyeniita jasiri alinifungia mlango kwa upole, na boksi lilikuwa linazidi kuwa zito, na barafu ndani nilijua inafanya nini.

Simu ikaita. Dada.

"Hospitali wamenipigia. Nisimpe robo tena, kesho nikachukue ya maji. Ni wewe?"

"Ni namba."

"Namba hazina mdomo. Ni wewe." Nikamsikia akipenga kamasi. "Lakini yule nesi hajasema kitu. Hakuna aliyesema, mama, tulikosea."

"Hawatasema, Dada."

"Basi kesho nitawauliza. Nitakaa pale kwenye benchi mpaka mtu aseme."

"Mama mdogo!" Bosi akanyang'anya simu. "Ya maji ni tamu?"

"Ni chungu."

"Basi sitaki."

"Utakunywa," nikamwambia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yangu ilitoka kama ya kwake.

Mlango wa mwisho kwenye korido ulikuwa wa Mama Kuvu. Nilikuwa nimeupita mara mbili. Ndani alikuwa ameinama kwenye darubini, ile mitihani imerundikana pembeni. Sikuwa na nguvu za kubembeleza tena.

"Shikamoo. Naomba rafu. Wembe, yaani Profesa, amenitoa."

"Marahaba. Nimesikia, mimi si kiziwi." Hakuinua jicho. "Kuna nini humo?"

"Dawa ya maji ya moyo. Ya watoto."

"Unapima kama inaota ukungu?"

"Napima kiasi cha dawa. Ukungu naangalia kwa macho tu."

"Kwa macho tu!" Sasa akainuka, akanitazama kama nimemtukana mama yake. "Halafu unasimama mbele za watu unasema haioti kitu? Nani alikufundisha? Kesho asubuhi uje nikuonyeshe namna ya kuangalia. Rafu ya chini. Za juu usiguse, zitakuua."

Nikapiga magoti mbele ya friji yake, nikaanza kupanga. Chupa zilikuwa bado baridi. Nilizishika moja moja shavuni kuhakikisha. Nilikuwa nalia tena, na yeye hakunipa kitambaa.

"Hizi zitakaa hapa mpaka lini?" akauliza, jicho limesharudi kwenye darubini.

"Mpaka ziharibike. Ndio utafiti wenyewe."

"Haya. Basi funga mlango, baridi inatoka."